Konokono wakubwa wa kufuga: kabla hujamchukua, uliza kwanza habari za mayai

KombeTupu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nimeukalia karibu mwaka mzima. Wiki hii nimepata ujumbe wa tatu wenye kilio kile kile: "Nilikuwa na konokono wawili, leo nimehesabu vitoto mia na ushee kwenye boksi, nifanyeje?" Nikaona niandike mara moja, mwenye shida aje asome hapa.

Nafuga konokono wakubwa wa nchi kavu, mwaka wa sita sasa. Nilianza na wawili, wote Lissachatina fulica (vitabu vya zamani vinamwita Achatina fulica), yule ambaye asili yake ni Afrika Mashariki na leo amesambaa nchi nyingi zenye joto. Niliambiwa ni mnyama wa mtu mvivu: hapigi kelele, hana manyoya, ukisafiri siku mbili tatu anakusubiri. Yote kweli. Ila hakuna aliyeniambia kwamba konokono hawa hawana jike wala dume. Kila mmoja ni vyote viwili. Kwa hiyo ile hesabu ya "nitachukua majike matupu nisisumbuke" haipo. Wawili wowote wakishakomaa, tayari una familia.

Usiku mmoja nikamwona mkubwa wangu amejichimbia kwenye kona ya boksi, linaonekana gamba tu, na asubuhi bado yuko pale pale. Nikadhani anaumwa. Alipotoka nikafukua kwa kijiko. Chini kabisa, pale udongo unapogusa plastiki, palikuwa na chungu ya vidonge vyenye rangi ya maziwa, kila kimoja saizi ya punje ya choroko. Nikaanza kuvihesabu kwenye sahani. Nilifika 214 nikachoka.

Huyu fulica anaweza kutaga mayai 100 hadi 400 kwa mkupuo, na anarudia mara kadhaa kwa mwaka. Kwenye joto zuri huanza akiwa na miezi sita tu. Na ukimtenga leo akae peke yake, usijipe moyo: mbegu alizopokea anaweza kuzitunza mwilini hata zaidi ya mwaka mmoja, azitumie atakapotaka mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza boksi gani na chakula gani, jiulize kama utaweza kufukua udongo kila wiki bila kukosa. Kidole hadi chini, hasa kwenye kona na chini ya bakuli la maji. Ukikuta mayai, yatie kwenye mfuko, friza siku mbili, kisha yaponde. Usiyatupe mabichi kwenye taka, usiyafukie bustanini, usiyamwage chooni.

Ya boksi na udongo yanakuja. Ngoja nile kwanza.

Sitimbele

Nimekaa, mkuu. Endelea.

MamaWawili

Pole na hongera kwa uzi. Ila hapo kwenye friza umenigusa. Si ukatili huo? Kwa nini usiyaangue ukawagawia watu wanaowataka?

KombeTupu

Dada yangu, nilifikiri hivyo hivyo. Ule mkupuo wa kwanza niliuacha. Yalianza kuanguliwa ndani ya wiki mbili. Vitoto havitoki mara moja, vinakaa udongoni siku kadhaa vikila maganda ya mayai yao, kisha usiku mmoja unafungua kifuniko unakuta ukuta mzima umejaa vitone vyenye pembe. Wazuri kweli, gamba linapitisha mwanga hadi unaona moyo ukidunda. Nikatangaza. Watu 11 walisema wanataka. Waliokuja ni 3, na wote kwa pamoja walichukua 14.

Baki na mia mbili. Wakifika saizi ya kidole gumba, boksi moja halitoshi, mawili hayatoshi. Kinachofuata ndicho ninachokiogopa: mtu anachoka, anakwenda kuwamwaga kichakani "wakajitafutie". Yai la siku mbili halijawa konokono bado. Ukingoja yakaribie kuanguliwa, hapo nakubaliana nawe, linakuwa jambo jingine. Ndiyo maana nasema kila wiki.

Mzee_wa_Mboji

Mleta uzi yuko sahihi, na hilo la kumwaga kichakani lina historia. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi Miami kutoka Hawaii akiwa na konokono watatu wa aina hii. Bibi yake akawaachia bustanini. Miaka saba baadaye walikuwa wameshapatikana zaidi ya 18,000, na kuwamaliza kulichukua takriban miaka kumi na zaidi ya dola milioni moja. Watatu tu wale!

Haikuishia hapo. Wakaonekana tena Miami mwaka 2011, serikali ya Florida ikawasaka kwa miaka kumi, wakiwemo mbwa waliofundishwa kunusa konokono, hadi Oktoba 2021 ikatangaza wamekwisha. Juni 2022 wakaibuka upande mwingine wa jimbo, Pasco. Hao wa Pasco walikuwa na nyama nyeupe, na nyeupe ndiyo inayopendwa sana na wafugaji. Marekani huruhusiwi kumiliki hata mmoja bila kibali maalumu.

Sitimbele

Bibi na wajukuu wameitia serikali hasara ya milioni 😂

Mzee_wa_Mboji

Usimcheke bibi, wasomi nao wamo. Mwaka 1847 mtaalamu mmoja wa konokono, William Benson, alitoka Mauritius na wawili, akawapeleka Calcutta. Wakaishia bustanini, na kutoka pale wakasambaa India.

Kituko kikubwa zaidi ni dawa yake. Mwaka 1955 Hawaii wakaleta konokono mla konokono, Euglandina rosea, ili awamalize hawa wakubwa. Visiwa vingine vya Pasifiki vikaiga. Yule mwindaji akaona ya nini ahangaike na jitu lenye gamba kama jiwe wakati kuna konokono wadogo wa kienyeji wasiojua kukimbia? Kule kisiwa cha Moorea, karibu na Tahiti, aliachiwa mwaka 1977, na haikupita miaka kumi na kidogo konokono wadogo wa mitini wa jamii ya Partula wakawa wametoweka porini. Waliobaki ni wale waliokuwa wamewahi kuchukuliwa na kulelewa kwenye bustani za wanyama, ya London ikiwemo. Wale wakubwa? Wapo.

KombeTupu

Asante mzee, shikamoo. Hayo ya Moorea nilikuwa siyajui.

Sasa boksi. Kwa wawili wakubwa mimi natumia boksi la plastiki la lita 60, lenye kifuniko cha kubana na matundu madogo ubavuni. Nasisitiza kubana. Konokono mzima ana nguvu usizozitegemea: anajibandika kwenye kifuniko, anasukuma kwa gamba, na ana usiku kucha wa kujaribu. Wangu alishawahi kunitoka, nikamkuta asubuhi nyuma ya kabati anakula karatasi ya ukutani. Uzuri wa konokono ni kwamba mwizi ameacha barabara ya ute inayong'aa hadi alipo.

Udongo uwe wa makumbi ya nazi yaliyosagwa, au mboji safi isiyotiwa mbolea wala dawa ya wadudu. Kina kisipungue sentimita 10, ili mnyama mzima aweze kujizika. Mchanga hapana, unamkwaruza. Unyevu: ukiukamata udongo na kuubana usitoe maji, lakini ukiufungua mkono ubaki umeshikana. Kuta napuliza maji kila jioni, maji yaliyokaa wazi usiku mzima klorini ipungue. Joto, hawa wangu wanafurahi kati ya nyuzi 22 na 27.

Ukiona amejivuta ndani na kuziba mlango kwa utando mweupe mkavu kama karatasi, usimzike. Kwake huo ni ukame, amefunga duka. Muweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye kina kidogo tu, yasimfunike, atatoka mwenyewe. Halafu ujiulize ni wewe uliyesahau kupuliza maji, au boksi liko juani.

Fundi_Akwarium

Natofautiana kidogo kuhusu boksi. Plastiki haionyeshi kitu. Mimi natumia tangi la kioo na chini nimeweka zulia la umeme la joto. Mwaka wa pili hawajafa.

KombeTupu

Kioo sawa, kama kifuniko chake ni imara. Zulia la joto chini ndipo ninapokataa, kaka. Konokono akisikia joto kali anafanya nini? Anachimba kwenda chini kutafuta ubaridi. Sasa chini ndiko uliko moto. Libandike ubavuni, juu ya usawa wa udongo, upande mmoja tu, ili mwenye baridi alifuate na mwenye joto alikimbie.

Fundi_Akwarium

Hmm. Nimekwenda kuingiza kipimajoto udongoni baada ya kusoma hii. Nyuzi 33 chini kabisa. Nimelitoa. Nashukuru.

Lulu_ya_Pwani

Jamani naombeni msaada wa haraka. Wangu ameanguka kutoka kwenye kifuniko akatua kwenye bakuli la maji la kauri. Gamba limepasuka, ufa wa kama sentimita mbili na kipande kimeingia ndani kidogo. Anatembea lakini taratibu. Nimpake gundi?

KombeTupu

Dada, pole sana, lakini usipake gundi yoyote. Kwanza toa hilo bakuli. Ndani ya boksi kisiwepo kitu cha kauri, jiwe wala kioo, kwa sababu kuanguka kwao ni jambo la kila usiku. Bakuli liwe la plastiki laini.

Kisha tazama kwa makini. Ufa uko wapi? Kama ni karibu na mdomo wa gamba, pale panapokua, ni shida ndogo. Kama ni mgongoni na unaona nyama, hatari ni kukauka na uchafu. Chukua yai la kuku, bandua ule utando mwembamba wa ndani ya ganda, kata kipande kinachozidi ufa kidogo, kiweke kikiwa kibichi juu ya jeraha. Kikikauka kinashika chenyewe, kinakuwa kama bandeji. Mtenge kwenye chombo kidogo chenye karatasi ya jikoni yenye unyevu badala ya udongo, mpe kalsiamu kwa wingi. Gamba analiziba kwa ndani mwenyewe, wiki kadhaa. Kile kipande kilichoingia usikivute.

Na kama unamjua daktari wa mifugo anayeshika wanyama wa aina hii, mpeleke. Mimi si daktari, ni mtu aliyeshawahi kuangusha wa kwake.

Lulu_ya_Pwani

Nimeweka utando wa yai. Mikono inatetemeka. Ametoa pembe moja tu, ya kulia.

MamaWawili

Usikate tamaa mdogo wangu. Zima taa, mwache.

Mjukuu_wa_Koa

Kalsiamu gani hasa? Kuna mtu aliniambia niwape chaki ya ubaoni.

KombeTupu

Chaki ya ubaoni mara nyingi ni jasi, siyo chokaa inayotakiwa, na imechanganywa na vitu. Achana nayo. Kilicho bora ni mfupa wa dome, yule wa jamii ya ngisi. Mweupe, mwepesi, unakwanguka kwa ukucha. Uweke mzima humo ndani, ukae daima. Ukiwa kimya usiku utawasikia wakiukwangua, sauti kama mtu anapiga msasa mbali. Ule ni ulimi wao, una maelfu ya vijino vidogo. Ukikosa mfupa wa dome, chemsha maganda ya mayai, yakaushe, yasage yawe unga kabisa.

Konokono asiyepata kalsiamu ataitafuta alipo mwenzake. Siku utakayoona gamba la mmoja lina makwaruzo meupe mgongoni, jua kuna jirani anamlamba nyumba.

Chakula chenyewe si shida: saladi, tango, boga, karoti, viazi vitamu, papai, embe. Tango wanalipenda kama watoto wanavyopenda pipi, na lina manufaa kama ya pipi, kwa hiyo lisiwe kila siku. Mchicha na spinachi nawapa kwa nadra, zina asidi ya oksaliki inayoikamata kalsiamu. Kitunguu, limau na jamii yake, na chochote kilichoguswa na chumvi, kamwe. Osha kila kitu, maana dawa za shambani zinaua mdudu, na konokono hazimuulizi yeye ni nani.

Mzee_wa_Mboji

Nyongeza: aina hazilingani. Archachatina marginata wa Afrika Magharibi anahitaji protini zaidi, dagaa wakavu wasio na chumvi au chakula cha samaki wa mapambo mara moja kwa wiki. Na kwa wanaoogopa mayai, huyo ndiye wa kuanza naye: anataga machache, mara nyingi hayazidi kumi na kitu, lakini makubwa kama ya ndege mdogo, huwezi kupitwa nayo. Achatina achatina ndiye jitu lenyewe. Aliyeingia kwenye vitabu vya rekodi alitoka Sierra Leone mwaka 1976, gamba peke yake sentimita 27.3, uzito gramu 900. Huyo anataka joto na unyevu bila mzaha, si wa mwanafunzi.

Sitimbele

Gramu 900?? Huyo si konokono, ni mpangaji.

BabaTatu

Naomba kuuliza kuhusu watoto. Wangu wana miaka 4 na 7, wanataka kuwashika. Kuna ugonjwa?

KombeTupu

Swali zuri, kaka. Upo mnyoo anayeitwa Angiostrongylus cantonensis, makazi yake makuu ni mapafu ya panya. Konokono anampata kwa kula kinyesi cha panya. Mtu akimeza konokono mbichi, au mboga mbichi yenye mabuu ya mnyoo huyo, yanaweza kwenda hadi kwenye ubongo na kuleta uvimbe mbaya wa utando wake. Konokono aliyezaliwa ndani ya boksi, akala mboga zilizooshwa, hajakutana na panya, hatari yake ni ndogo sana. Aliyeokotwa nje ni habari nyingine, na mimi nje siokoti.

Kwa vyovyote mikono inaoshwa kwa sabuni baada ya kumshika. Kabla ya kumshika pia, ila hapo ni kwa maji matupu, maana sabuni na mafuta ya mwilini yanamuunguza. Wa miaka 4 amshike akiwa amekaa sakafuni, na asimweke mdomoni wala usoni.

Namna ya kumwinua: usimvute kwa gamba, hasa kwa mdomo wa gamba. Pale panapokua ni pembamba kama ganda la karanga. Lowesha kidole, kipitishe chini ya mguu wake kuanzia kichwani, taratibu, atapanda mwenyewe. Akigoma, mwache agome.

BabaTatu

Wa miaka 7 anauliza kama anasikia akiitwa.

KombeTupu

Mwambie hana masikio kabisa. Ila akikanyaga sakafu kwa kishindo, konokono anahisi mtikisiko na kuvuta macho ndani. Macho yako kwenye ncha za zile pembe ndefu, na zile fupi za chini ni za kunusia na kuonjea.

Mjukuu_wa_Koa

Mkuu, kwenye udongo wangu kuna vidudu vyeupe vinaruka. Vingine haviruki, vinakimbia juu ya konokono mwenyewe hadi kwenye lile tundu la ubavuni. Ni wale wale?

KombeTupu

Si wale wale. Wanaoruka ni kolembola, waache, wanakula ukungu na mabaki, ni wafagiaji wa bure. Wanaokimbia mwilini na kuingia kwenye tundu (hilo la kulia ndilo analopumulia) ni utitiri. Mwoshe kila siku kwa maji ya uvuguvugu, mpanguse utitiri kwa kitambaa laini, badilisha udongo wote, sugua boksi kwa maji ya moto. Rudia wiki mbili au tatu. Dawa ya kuua utitiri usiguse, itaanza na yeye. Na chakula kilichobaki kitolewe asubuhi, si kesho kutwa.

Fundi_Akwarium

Mimi nimefukua leo kwa mara ya kwanza tangu nianze kufuga. Naomba msinicheke.

Sitimbele

Ngapi?

Fundi_Akwarium

Mikupuo miwili. Mmoja nadhani ni mzee, umesinyaa, pengine zulia liliupika. Mwingine mbichi. Sijahesabu, bakuli la supu limejaa nusu.

KombeTupu

Friza. Leo, si kesho. Andika kwenye mfuko, kwa herufi kubwa, kusudi mtu wa nyumbani asije akafungua akidhani ni kitu cha kupika. Nasema kwa kujua.

MamaWawili

Hapo "nasema kwa kujua" pana uzi mwingine kabisa 😂

Lulu_ya_Pwani

Samahani nimekaa kimya wiki tano. Nilikuwa naogopa kuandika kabla ya kuwa na uhakika. Utando wa yai ulidondoka wenyewe siku ya tisa. Chini yake palikuwa na ngozi nyembamba ya kahawia, sasa imekuwa ngumu, haina rangi nzuri kama gamba jingine, ni kama kiraka cha viatu. Kile kipande kilichoingia kimebaki palepale kimezibwa.

Alikaa siku kumi na moja bila kula. Ya kumi na mbili nilisikia kule kukwangua kwa mfupa wa dome usiku, nikawasha taa ya simu. Pembe zote nne zilikuwa nje. Kwenye mdomo wa gamba kuna mstari mpya, upana wa kucha ya kidole kidogo, mwepesi, unang'aa.

Nimemrudisha kwa mwenzake jana. Kabla ya kumrudisha nilifukua udongo wote hadi chini.

Sitimbele

Na?

Lulu_ya_Pwani

Tisini na sita. Yako kwenye friza, nimeandika kwa herufi kubwa.